Mfalme John hakuipa Cornwall uhuru

Wapo wanaodai kwamba hati ya Mfalme John ya mwaka 1201 iliifanya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuwa nchi inayojitegemea. Si kweli. Hati ile iliwahusu wachimbaji wa bati (madini yenyewe, si mabati ya kuezekea) wa Cornwall na jirani yake Devon, na sehemu kubwa ilithibitisha mila zilizokuwapo tayari: kuchimba hata katika ardhi ya maaskofu na makabaila, kukata mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaowaka ukikauka) ya kuyeyushia bati, kugeuza mkondo wa maji. Mtwana (mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana) aliyeingia machimboni hakuweza kudaiwa na bwana wake. Hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini msimamizi wa wachimbaji hao alikuwa mtu wa mfalme. Mwaka 1305 Mfalme Edward I alithibitisha mahakama zao wenyewe, ila kesi za ardhi na za kuua au kujeruhi zikabaki nje. Na ukarimu huo wa wafalme ulikuwa na bei: kila kipande cha bati kilipelekwa mjini, kikakatwa kona, kikapimwa ubora, kikalipiwa kodi ndipo kiuzwe. Mahakama hizo zilifutwa mwaka 1896.