Je, wajua kwa nini redio ndogo hukwaruza ukiingia nayo jimu?

Umevaa hedifoni, redio ndogo umeibana kiunoni, unaanza kukimbia kwenye mashine. Mtangazaji anasikika vizuri kabisa. Ukigeuka kuchukua taulo, anamezwa na mkwaruzo. Ukiushika waya wa hedifoni anarudi, ukiuachia anapotea tena. Wengi hapo huilaumu redio: ya bei rahisi, utategemea nini? Mimi naitetea. Mara nyingi redio ni nzima, ila antena yake umeivaa wewe mwilini na kila ukijongea unaisogeza.

Itazame vizuri redio ya mfukoni ya FM. Nyingi hazina ule mlingoti wa chuma unaovutwa kama wa redio ya mezani. Zinautumia waya wa hedifoni kama antena. Stesheni za FM katika nchi nyingi hurusha matangazo kati ya megahezi 87.5 na 108, na wimbi la megahezi 100 lina urefu wa takriban mita 3. Antena rahisi inayofanya kazi vizuri huwa na urefu wa robo ya wimbi, yaani kama sentimita 75. Waya wa hedifoni una mita 1 hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo unatosha bila kuongezewa kitu. Waya huo mmoja hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: sauti inatoka redioni kwenda masikioni, na mawimbi yaliyonaswa hewani yanashuka kuingia redioni. Vijisehemu vidogo karibu na tundu la hedifoni huvitenganisha viwili hivyo, visivurugane.

Hiyo ndiyo sababu simu nyingi zenye redio ya FM hugoma kuiwasha mpaka uchomeke hedifoni za waya. Za bluetooth hazisaidii kitu, maana hazina waya wa kunasa wimbi.

Sasa ongeza mwili wako. Mwili una maji mengi yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Waya ukilala juu ya ngozi, hasa ngozi yenye jasho, mwili unakuwa sehemu ya antena. Wakati mwingine unaisaidia, ndiyo maana ukiushika waya mtangazaji anarudi. Wakati mwingine unayafyonza mawimbi au unaiharibu ile hesabu ya urefu. Ukikimbia, waya unarukaruka, unagusa ngozi na kuachia, na antena inabadilika umbo kila hatua. Ndiyo maana nashauri waya uupitishe nje ya fulana, ushuke wima, na uubane kwa klipu mahali pamoja. Waya uliokunjwa na kufungwa fundo mfukoni ni antena iliyofupishwa, hata kama redio ni ya bei mbaya.

Jengo lenyewe nalo lina mchango wake. Jimu imejaa chuma: nguzo, mashine, rafu za vyuma vya kunyanyua, na vioo vikubwa ambavyo kwa nyuma vimepakwa tabaka jembamba la metali. Wimbi la redio likigonga metali hurudi. Kwa hiyo redio yako inapokea wimbi lilelile kutoka pande kadhaa, moja limekuja moja kwa moja kupitia dirishani, jingine limegonga kioo kwanza. Yakikutana yakiwa sambamba yanatiana nguvu. Yakikutana kinyume yanauana. Umbali kati ya mahali penye nguvu na mahali palipokufa unaweza kuwa robo tu ya wimbi, zile sentimita 75 tulizozitaja. Hatua moja! Ndiyo maana mashine moja stesheni inashika na mashine ya jirani haishiki, na ndiyo maana mtu akipita karibu nawe sauti inaweza kuyumba ingawa wewe hujasogea. Kuhamia mashine iliyo karibu na dirisha kunasaidia kuliko kununua redio nyingine.

Ukihamia AM, kisa kinabadilika kabisa. Mawimbi yake ni marefu mno, mamia ya mita, na waya wa hedifoni haufui dafu. Redio hutumia kijiti cheusi cha feraiti (aina ya kauri yenye chuma) kilichozungushiwa waya mwembamba, kimefichwa ndani. Kijiti hicho kinajali uelekeo, kwa hiyo hapo utaigeuza redio yenyewe. Lakini tatizo kubwa la AM jimu ni mashine za kukimbilia. Kifaa kinachoongoza mwendo wa mota hukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa sana, na kila kinapokata hutoa vurugu ya mawimbi hewani. Kwenye AM sauti imebebwa katika nguvu ya wimbi, ikipanda na kushuka. Vurugu yoyote inayoongeza nguvu hiyo, redio inaisoma kama sauti, nawe unasikia mvumo unaopanda kadiri mkanda unavyoongezewa kasi.

FM iliundwa kuukwepa ugonjwa huohuo. Mhandisi wa Marekani Edwin Armstrong alipata hataza, yaani haki za uvumbuzi, za mfumo wake mwaka 1933. Wazo lake lilikuwa kuiacha nguvu ya wimbi itulie, na sauti ibebwe na masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, yanayopanda na kushuka kidogo. Redio ya FM basi huvikata vilele vya nguvu kabla ya kusoma ujumbe, na sehemu kubwa ya vurugu za mota inakatwa navyo. Ukiwa jimu, chagua FM.

Kuna kitufe kimoja ambacho watu hukipuuza: kile cha kuchagua sterio au mono. Sterio huhitaji wimbi lenye nguvu zaidi, na likiwa dhaifu unasikia mvumo wa "shhh" nyuma ya kila neno. Weka mono, mvumo unapungua sana. Unapoteza utengano wa kushoto na kulia, jambo ambalo huku unahema hutaligundua.

Redio hizi zina faida nyingine ninayoipenda. Baadhi ya jimu zina televisheni ukutani zisizotoa sauti, na chini ya kila skrini pamebandikwa namba ya masafa. Kisambazaji kidogo cha FM humo ndani hurusha sauti ya kila skrini, nawe unaitafuta kwenye redio yako. Sauti inafika papo hapo, sawa na midomo ya anayesema. Ikipitia Wi-Fi na programu ya simu, mara nyingi huchelewa kidogo, kwa kuwa simu hukusanya akiba ya sauti kwanza ndipo iicheze.

Ukishafanya yote hayo na bado inakwaruza kwa kufuata hatua zako, na sikio moja linakatika, kagua tundu la hedifoni. Jasho lina chumvi, na chumvi hula metali ya tundu na ya pini. Chomoa pini, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe na uizungushe mara chache. Siku nyingine ibane redio nje ya nguo, tundu likitazama chini, jasho lisitiririkie ndani.