Hedhi ikikoma, tuanze na sahani kabla ya chupa

Mama mmoja aliketi mbele yangu, akafungua mkoba na kupanga mezani chupa saba za virutubisho. "Hizi zote nameza, dada, na usiku bado naamka nimelowa jasho. Sketi nazo hazifungi."

Tukasoma lebo moja moja. Vitamini D ilikuwa kwenye chupa tatu. Madini ya chuma kwenye mbili, ilhali hajaona hedhi kwa miaka miwili. Anayepata hedhi huhitaji miligramu 18 za chuma kwa siku. Ikishakoma, 8 zinamtosha, kwani damu haipotei tena kila mwezi. Lakini kilichonishtua ni kalsiamu: alikuwa akiimeza asubuhi pamoja na dawa yake ya tezi ya thairoidi. Kalsiamu huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri, kwa hiyo viwili hivyo vinatakiwa kupishana kwa saa 4. Tezi isipotibiwa sawasawa huleta uchovu na unene, naye miezi yote hiyo alikuwa akiusingizia umri.

Umri una mchango wake, sikatai. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, mafuta yaliyozoea kukaa nyongani na mapajani huhamia tumboni. Misuli nayo hupungua, na misuli ndiyo inayotumia nishati hata ukiwa umelala. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa kumwona mwanamke wa miaka 50 akijinyima chakula: kilo zinashuka kweli, lakini sehemu yake ni misuli.

Mimi huanza na protini, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 70 alenge gramu 70 hadi 84 kwa siku, na asizirundike zote kwenye mlo wa jioni. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Ongeza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki, maana protini peke yake haijengi misuli.

Kuhusu joto la ghafla, lile linaloleta jasho la usiku, soya huwapunguzia baadhi ya wanawake, kidogo tu. Black cohosh, dawa ya mitishamba, siiandiki: ushahidi wake ni hafifu, na kuna taarifa za watu walioumia ini baada ya kuitumia. Joto likikunyima usingizi, zungumza na daktari kuhusu tiba ya homoni au dawa nyingine. Huko ndiko kwenye nafuu ya uhakika.

Kalsiamu lenga miligramu 1,200 kwa siku, ukihesabu kwanza ya chakula. Kidonge kizibe pengo tu, kisizidi miligramu 500 kwa mara moja, kwa kuwa mwili haufyonzi vizuri nyingi kwa mpigo.

Na ukitokwa na damu, hata tone, baada ya miezi 12 bila hedhi, usitafute kirutubisho. Nenda ukapimwe wiki hiyo hiyo.