Mshindi mmoja, miguu mingi

Mashabiki wapya wa mbio za baiskeli za barabarani wanaongezeka, na wengi huamini huu ni mchezo wa mtu mmoja: mwenye miguu imara ndiye mshindi. Sivyo. Adui mkubwa ni upepo, na anayejibanza nyuma ya mwenzake, magurudumu karibu yagusane, huokoa nguvu nyingi mno. Ndiyo maana kila timu ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, huwa na waendeshaji 8, na wengi wao hawakuja kushinda, bali kumkinga mwenzao mmoja na upepo ili ashinde yeye. Mtazame msaidizi akirudi kwenye gari la timu, akisheheneza chupa za maji ndani ya jezi, kisha akikanyaga kwa jasho kuwafikia wenzake. Huyo namheshimu sana. Mshindi naye, kwa desturi, hugawana nao fedha za zawadi.