Shawa ya bafuni ichaguliwe kwa maji uliyonayo, si kwa picha ya dukani

Kiangazi ndicho kipindi cha ujenzi na ukarabati hapa Tabora, na kila kikifika, meza yetu ya huduma kwa wateja hupokea lalamiko lilelile: "Nimefunga shawa mpya, maji yanatoka kwa kudondoka, ongezeni presha." Mafundi wa mamlaka ya maji wakifika nyumbani kwa mteja, iwe Ipuli, Cheyo au Kiloleni, mara nyingi hukuta msukumo kwenye dira hauna kasoro. Kasoro iko bafuni. Hilo lingebaki kuwa jambo la mteja na fundi wake, lakini wapo wateja ambao wakiona hatuongezi presha huiongeza wenyewe kwa kufunga pampu kwenye bomba linaloingiza maji kutoka mtandao wetu. Hapo linakuwa jambo la sheria na la afya ya mtaa mzima, na ndiyo sababu ya makala hii.

Kuna dhana inayotusumbua tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika. Maji hayo huchotwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, kisha husafirishwa kupita Solwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kabla ya hapo mji huu uliishi kwa bwawa la Igombe na lile dogo la Kazima. Wengi wanaamini kwamba maji yakiwa mengi, presha nayo lazima iwe kubwa. Sivyo. Wingi wa maji ni kitu kimoja, msukumo ni kingine. Msukumo hutokana na tanki la kusambazia maji kuwa juu kuliko nyumba yako: kila mita 10 za kimo hukupa presha ya bar 1, na sehemu ya presha hiyo hupotea njiani kwenye bomba refu, jembamba au lenye kona nyingi. Ziwa lingehamia Urambo leo, kanuni hiyo isingebadilika.

Tena nyumba nyingi hazilishi bafu moja kwa moja kutoka kwenye bomba letu. Maji hupanda kwenye simtanki, lile tanki la plastiki lililoinuliwa juu ya mnara, na bafu hula kutoka huko. Sasa fanya hesabu ya nyumba ya kawaida. Mnara una mita 3, kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka sakafuni. Kinachobaki ni mita 1 ya kimo, pamoja na kina cha maji yaliyomo tankini. Presha inayofika kwenye shawa ni kama bar 0.1, na tanki likiwa limejaa labda 0.2. Zile shawa pana za kubandika juu, sahani ya sentimita 20 au 30 inayomwaga maji kama mvua, nyingi hutaka presha inayokaribia bar 1 ndipo zifanye kazi kama zinavyoonekana kwenye tangazo. Ukiifunga chini ya mnara wa mita 3, maji yatatoka kwenye matundu ya katikati tu, na utaoga ukizunguka kuyatafuta. Mamlaka haiwezi kurekebisha hilo kwa sababu presha hiyo si yetu, ni ya mnara wako.

Kwa hiyo anza na kupima. Chukua ndoo ya lita 10, ikinge pale shawa itakapokuwa, fungua koki yote, hesabu sekunde. Ikijaa kwa dakika moja, una lita 10 kwa dakika, na hiyo inatosha kabisa. Ikichukua dakika mbili, una lita 5, bado unaweza kuoga vizuri kwa kichwa kidogo chenye matundu machache kilichotengenezwa kwa presha ndogo. Ikizidi hapo, usinunue chochote kabla hujainua mnara au kubadilisha bomba. Bomba la kushuka kutoka tankini liwe angalau robo tatu ya inchi, na libadilike kuwa nusu inchi pale tu linapoingia kwenye shawa. Mafundi wengi hushusha nusu inchi tangu juu ili kuokoa fedha kidogo, halafu lawama zinakuja kwetu.

Pima pia matumizi. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga mara moja kwa siku kwa dakika 8 kwenye shawa ya lita 10 kwa dakika, inatumia lita 400 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 12 za maji (uniti moja ni lita 1,000), kwa kuoga tu. Shawa ya lita 6 kwa dakika inashusha hesabu hiyo hadi uniti 7 na kidogo. Ndoo ya lita 20 kwa kila mtu ni uniti 3. Simzuii mtu kuoga kwa shawa, ni haki yake na ni raha halali, lakini tunaomba mteja aijue hesabu hii kabla ya kuja ofisini kusema dira imeharibika. Dira nyingi zinazoletwa kwetu kupimwa baada ya ukarabati ni nzima.

Kuhusu maji ya moto. Juni na Julai Tabora kuna baridi, hasa alfajiri, na shawa ya umeme inayochemsha papo hapo imekuwa kitu cha kawaida. Ni kifaa kizuri kikifungwa inavyopaswa. Nyingi zina nguvu ya kilowati 5.5 hivi. Kwa umeme wetu wa volti 230, huo ni mkondo wa ampea 24, na soketi ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa hiyo shawa hii haichomekwi kwenye soketi, wala haiunganishwi kwenye waya wa taa. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye kibao cha breka, wa milimita 6 za mraba, au 4 pale ambapo umbali ni mfupi na fundi amepiga hesabu. Breka yake peke yake. Na swichi ya kuzimia iliyo nje ya bafu.

Kisha kuna ethi. Naomba msomaji atulie hapa. Ndani ya shawa nyingi za aina hii, koili ya kuchemshia imezama moja kwa moja kwenye maji unayooga. Kinachokutenganisha na umeme ni jinsi kifaa kilivyoundwa na waya wa ethi uliofungwa sawasawa hadi kwenye nondo iliyozikwa ardhini. Nyumba nyingi za zamani, kwa mfano maeneo ya Ng'ambo na Isevya, zina nyaya zilizopita mikononi mwa mafundi wengi, na ethi ama ilikatwa ama haikuwahi kuwepo. Msisimko mdogo unaosikika ukigusa koki si kawaida ya shawa za umeme, kama baadhi ya mafundi wanavyowaambia watu. Ni umeme unaopita kwenye mwili wako. Zima, usioge, ita fundi. Ongeza pia kwenye kibao ile swichi ya RCD ya miliampea 30, ambayo hukata umeme mara unapovuja. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mteja ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Fundi mzuri hachukii kuulizwa.

Anayetumia maji ya kisima chenye chumvi amwambie muuzaji waziwazi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na zipo shawa zilizotengenezwa kwa ajili yake, koili yake ikiwa imefunikwa. Ya kawaida isifungwe huko hata kama ni ya bei nafuu. Na popote unaponunua, angalia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Gharama ya umeme nayo si siri. Kilowati 5.5 kwa dakika 10 ni karibu uniti 0.9. Watu wanne kila siku ni kama uniti 110 kwa mwezi. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, atakuwa ametoka kwenye kundi hilo kwa kuoga tu, kabla hajawasha taa wala friji. Tabora ina jua la kutosha karibu mwaka mzima, na kwa familia kubwa hita ya jua ya juu ya paa, ya lita 150 au 200, mimi naiona ni chaguo bora, ingawa fedha ya kuanzia ni kubwa. Bomba za maji ya moto ziwe za PPR, plastiki inayohimili maji ya moto. PVC ya kawaida hulainika na kuachia kwenye maungio. Hita yoyote ya tanki, ya jua au ya umeme, lazima iwe na valvu ya usalama ya kutoa presha ikizidi, na valvu hiyo haizibwi eti kwa sababu inadondosha maji.

Sasa pampu. Kufunga pampu baada ya simtanki lako, ikavuta maji ambayo tayari umeyapokea na kuyasukuma kwenye shawa, kunaruhusiwa na hakuhitaji kibali chetu. Mshauri fundi aweke njia ya pembeni yenye koki, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka yenyewe. Kisichoruhusiwa ni pampu inayovuta moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mamlaka, iwe imefungwa kabla ya dira au baada ya dira. Nasisitiza "baada ya dira" kwa sababu wengi hudhani wakishapimiwa maji wako salama. Pampu hiyo inanyonya mtandao. Jirani aliye mwisho wa laini anakosa maji, na presha ikishuka chini kabisa bomba huanza kuvuta kutoka nje: palipo na ufa au kiungo kilicholegea, maji machafu ya mtaroni huingia. Yanafika kwanza kwa mwenye pampu, kisha kwa wengine. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo. Kwa sababu inayofanana, bomba la mkononi la shawa lisiachwe limezama kwenye ndoo au beseni. Presha ikikatika ghafla, maji ya beseni yanaweza kurudi kwenye bomba. Valvu ya kuzuia maji kurudi ni kitu kidogo, ifungwe.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, inakataza kuingilia miundombinu ya maji bila idhini. Utaratibu wetu ni huu. Wakaguzi hufika wakiwa na vitambulisho, na mteja ana haki ya kuvidai. Wakikuta pampu, husoma dira mbele ya mteja au mtu mzima aliyepo, hupiga picha, na hujaza fomu ya ukaguzi ambayo mteja huisaini na kubaki na nakala. Kukataa kusaini hakufuti ukaguzi. Huduma husitishwa. Ili kurudishiwa, mteja huondoa pampu kwa gharama zake, hulipa faini na gharama ya kurudisha huduma, na pale ambapo maji yalichukuliwa bila kupita kwenye dira, hulipia pia makadirio ya maji hayo. Malipo yote ni kwa kontroli namba. Hakuna mkaguzi anayeruhusiwa kupokea fedha mkononi, na ukiombwa, toa taarifa siku hiyo hiyo. Anayerudia, au aliyechepusha maji pembeni ya dira, jalada lake huenda polisi na mahakamani. Kusema kwamba mtaa mzima wanazo si utetezi, wala kusema kwamba fundi ndiye aliyefunga. Mwenye mkataba na mamlaka ni mteja.

Ukiamini presha yako ni ndogo kweli, andika ofisini ukitaja namba ya akaunti na saa ambazo tatizo hutokea, nasi tutapima kwenye dira. Usiporidhika na majibu yetu, peleka lalamiko EWURA, na Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma zinazodhibitiwa na EWURA litakusaidia kuliandaa. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, rufaa ni Baraza la Ushindani. Njia hiyo ni ndefu lakini ipo, na ni halali. Vilevile ukarabati unaohitaji kuhamisha dira huombwa kwetu. Fundi wa mtaani haruhusiwi kuigusa hata kwa sentimita chache.

Yaliyobaki ni machache. Sakafu ya bafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji machafu, na vigae viwe vya kukwaruza kidogo, hasa nyumba yenye wazee au mama mjamzito, ambako pia ni vizuri kuweka chuma cha kushikilia na shawa ya mkononi inayoshuka.

Na kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa, funga koki zote za nyumba pamoja na ile inayoingiza maji kwenye simtanki, soma tarakimu zote za dira usiku, kisha zisome tena asubuhi. Hapo umepima laini ya kutoka kwenye dira. Bomba za bafuni zilizo chini ya tanki zipimwe kwa kuangalia kina cha maji tankini usiku huo huo. Kimoja kikisogea, fundi asiendelee hadi apate panapovuja. Maji yakishapita kwenye dira ni ya mteja, na ankara ya uvujaji uliofunikwa na vigae hailipwi na mamlaka.