Uzito wa pikipiki haumlindi anayeanza
Kwa miaka mingi wanaojifunza kuendesha wameambiwa wanunue pikipiki kubwa, kwa hoja kwamba uzito huituliza barabarani. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, kwani upepo wa pembeni huisumbua zaidi pikipiki nyepesi. Hata hivyo, kinachoisaidia kusimama wima ni mwendo wenyewe pamoja na jinsi gurudumu la mbele lilivyofungwa, na mwanafunzi mara nyingi huiangusha akiwa katika mwendo wa polepole, anapogeuza au kusimama, ambapo kila kilo ya ziada huegemea mguu wake mmoja. Nchini Uingereza, kijana wa miaka 17 haruhusiwi kuzidisha injini ya cc 125. Kabla ya kulipa, anayeanza aketi juu ya pikipiki na kuhakikisha kwamba nyayo zote mbili zinakanyaga chini.