Mhadhara wa tuzo si risala

Mara ya kwanza nilinyamaza. Ilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne hapa Kigoma. MC akatangaza kwa madaha kwamba sasa tunaingia kwenye "mhadhara wa tuzo", kisha akasimama kijana mwenye karatasi mbili akasoma risala: madawati hayatoshi, maabara haina maji, tunamwomba mgeni rasmi atushike mkono. Mara ya pili nilikohoa. Mara ya tatu ilikuwa wiki iliyopita barazani Ujiji, kahawa bado ya moto, kijana wa jirani anatusomea habari kwenye simu: mnajimu mmoja wa Marekani kapewa mhadhara wa tuzo.

"Kapewa mhadhara?" akauliza mzee aliyekaa karibu na birika. "Kwani kakosa nini?"

Baraza zima likacheka. Mimi nikaona kwamba mzee ndiye pekee aliyeuliza swali lenye maana.

Mhadhara wa tuzo ni heshima ambayo chama cha wataalamu humpa mtu aliyebobea kwa kumwita asimame mbele ya wenzake awaeleze kazi yake. Basi, maana yake ndiyo hiyo. Pengine panakuwa na nishani, pengine fedha kidogo, lakini kiini chake ni ule mwito. Wanafalaki, yaani wataalamu wa nyota na anga, wa Marekani wanao mmoja mkubwa, hutolewa kila mwaka kwa mtu aliyeng'ara katika utafiti maisha yake yote, nao una jina la mwenzao, Henry Norris Russell. Wajerumani wana nishani ya mwanafalaki wao Karl Schwarzschild, na anayevishwa hutoa mhadhara. Wa kwanza, mwaka 1959, alikuwa Martin, mtoto wa Karl mwenyewe.

Watu hujikwaa kwenye maneno yenyewe, kwa hiyo tuyafungue. "Mhadhara" limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kuwapo mahali. Ukoo wake tunao tele: kuhudhuria, mahudhurio, hadhira, hadharani, mkutano wa hadhara, na mhadhiri wa chuo kikuu. (Hadhari na tahadhari si wa ukoo huu. Kiarabu kina herufi tofauti hapo, sisi tumezitia zote kwenye "dh" moja, ndiyo maana watu huwadhania ndugu.) Kwa hiyo mhadhara tangu asili unadai watu waliokuja wakakaa wakasikiliza. Wanaohubiri jioni sokoni na vipaza sauti vyao wanaposema wana mhadhara hawajakosea hata kidogo. Kijana wa risala ndiye aliyekosea, kwa sababu risala husomwa kwa niaba ya watu na huelekezwa kwa mkubwa mmoja ili atoe kitu. Hotuba ya mgeni rasmi nayo ni majibu ya risala. Mhadhara hauombi wala haujibu maombi. Unafundisha.

"Tuzo" nayo ni ya nyumbani kabisa, kutokana na kutuza. Mwenye kujua ngoma au taarabu anajua: mwimbaji anaimba, mama anainuka na noti yake, anakwenda akicheza mpaka mbele, anamtuza au anamtunza, kisha anarudi kitini. Tuzo humfikia mtu akiwa uwanjani, kazi ikiendelea.

Ukiyaunganisha maneno hayo mawili unapata kitu ambacho mzee wa birika alikihisi. Mtu anatuzwa kwa kupewa uwanja. Hatuzwi kwanza halafu akashukuru. Hiyo ni hotuba ya shukrani, ambayo huisha kwa kumtaja mama na walimu. Wala wengine hawasimami kumsifu yeye. Hiyo ni kusoma wasifu. Wala si lazima mwenye jina awe marehemu, kosa ninalolisikia hata kwa watu wenye shahada, wanaoita kila kitu cha namna hii "mhadhara wa kumbukumbu". Mhadhara wa Russell ulipoanza mwaka 1946, wa kwanza kuutoa alikuwa Russell mwenyewe, mzima, amesimama kwa miguu yake. Alifariki mwaka 1957.

Na kwa kuwa nimemtaja Russell, siwezi kumpita Cecilia Payne. Mwaka 1925, katika tasnifu yake ya udaktari, binti huyu wa Kiingereza aliyehamia Marekani alipiga hesabu zikamwonyesha kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heliamu. Wakati huo wakubwa waliamini kwamba jua limeumbwa kwa mchanganyiko unaofanana na wa dunia. Russell, mkubwa wa wakubwa, akamwambia haiwezekani. Binti akaandika kwenye tasnifu yake mwenyewe kwamba matokeo yale karibu hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell akafika palepale kwa njia yake, akakiri kwamba Payne alitangulia. Mwaka 1976 Payne, akiwa bibi wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyeitwa kutoa mhadhara wenye jina la Russell. Sasa fikiria angepewa bahasha na kupigwa picha tu akaenda zake. Aliitwa aongee, na waliokaa kusikiliza walikuwa wanafalaki.

Limebaki la "mnajimu". Kwa asili neno halina kosa: najm ni nyota, mnajimu ni mtu wa nyota. Ila nchi hii imekwisha kuamua. Tulipomtaja marehemu Sheikh Yahya Hussein kama mnajimu, kila mtu alielewa ni utabiri, nyota ya Kaa, nyota ya Nge. Anayepima nyota zimeumbwa na nini, au zinakwenda kasi gani, ni mwanafalaki, kutoka falak, njia ya mzunguko wa vitu vya angani. Mvuvi wa dagaa hapa ziwani, ambaye mbalamwezi ikikomaa anaacha mtumbwi ufukweni kwa kuwa taa zake hazitavuta kitu, anafanya falaki bila cheti.

Kijana alinisikiliza mpaka kikombe chake kikapoa, kisha akauliza aandikeje anapoisambaza ile habari. Nikamwambia: mwanangu, futa "mnajimu kapewa mhadhara wa tuzo". Andika "mwanafalaki ameteuliwa kutoa mhadhara wa tuzo". Akafuta, akaandika. Mzee wa birika akataka asomewe tena, akasikiliza, akasema hapo sawa, ila waambie huyo mtu asizidishe saa moja.