Kabla ya mbuzi kufa, hufa bei yake

Muulize mtu wa Malindi mjini ukame ni nini, atakuambia ni mvua kukosa kunyesha. Muulize mfugaji wa Chakama au Bungale, huko bara, atakutajia bei. Kazi yangu ni kufuatilia hali ya hewa na jinsi inavyogusa mifuko ya watu wa ukanda huu, na kila mwaka unavyopita naona yule wa pili ndiye aliyenipa somo kubwa.

Tufanye hesabu kidogo. Bei hizi ni za mfano tu, za leo utazikuta sokoni. Mwaka wa neema mbuzi anauzwa shilingi 6,000, na kilo ya mahindi ni shilingi 50. Mbuzi mmoja basi ni kilo 120, chakula ambacho nyumba ya watu sita itasongea sima kama mwezi na nusu. Mvua ikikosa, kila mwenye mifugo anapeleka sokoni wiki ile ile. Mbuzi wamekonda, wauzaji wamejaa, mnunuzi ni mmoja na hana haraka. Bei inaanguka hadi 3,000. Mahindi nayo hayapo mashambani, yanaletwa kwa lori kutoka mbali, kilo inapanda hadi 75. Mbuzi yule yule sasa ni kilo 40. Hajafa, bado yuko kwenye kamba analia, lakini theluthi mbili yake imeshaliwa na ukame.

Ndiyo maana Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, katika taarifa yake ya kila mwezi kwa kaunti kame, Kilifi na Lamu zikiwemo, haiishii kupima mvua na majani. Hupima pia mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Taarifa hiyo hutaja hatua ambayo kaunti imefikia: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, halafu kupona. Wengi husikia neno dharura redioni ndipo washtuke. Wakati huo bei imeshakufa zamani. Neno la kushtukia ni tahadhari.

Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, vuli na masika, vuli na masika, na vuli tena. Mkulima wa Magarini anaweza kuvumilia msimu mmoja. Wa pili anauza mbuzi. Wa tatu anakata mivinje aliyokuwa akiikuza iwe boriti za karo ya mtoto, anaiuza ikiwa bado fito. Wa nne anachoma makaa. Ukifika wa tano hana cha kuuza ila nguvu zake, naye anagombania kibarua na jirani zake wote ambao wameishiwa vile vile. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipochunguza ukame ule mwaka 2023, walikuta kwamba joto la dunia lililosababishwa na binadamu liliongeza uwezekano wake takriban mara 100. Kenya nzima, tukijumlisha viwanda, magari na majiko yetu, hutoa sehemu ndogo sana, isiyofika hata asilimia 1, ya gesi zinazoleta joto hilo.

Kisha mwishoni mwa 2023 mvua ikaja, ikaja kwa ghadhabu.

Hapa lazima nieleze habari ya mto, kwa sababu watu wengi wanaokaa kandokando ya Sabaki hawaelezwi mto wao unatoka wapi. Maji yanayopita Garashi, huko Magarini, na kumwagika baharini karibu na Mambrui ni yale yale ya Mto Athi. Yanaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, yanashuka kupitia Machakos na mpaka wa Makueni na Kitui, yanakutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, na huku chini tunayaita Sabaki. Kwa hivyo mafuriko ya Magarini mara nyingi ni mvua ya watu wengine. Kunaweza kuwa jua kali Garashi, nguo zimeanikwa, na maji yanapanda. Tulishuhudia hayo mwaka 2018, tukayashuhudia tena Novemba 2023, mwezi ambao hata daraja la Mbogolo kwenye barabara ya Mombasa kuja Malindi liliharibika na magari yakakwama.

Kwa nini mvua imekuwa ya ghadhabu? Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Ni kama ndoo iliyoongezwa ukubwa: inachukua muda mrefu kujaa, na ikimwagwa inamwaga yote. Juu ya hilo, kuna miaka ambayo Bahari ya Hindi upande wetu huwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na mvuke unasukumwa huku. Mwaka 2019 ulikuwa hivyo, na 2023 ukawa hivyo. Kundi lile lile la wanasayansi lilikadiria kuwa ongezeko la joto la dunia lilichangia kuifanya mvua ya vuli ya 2023 iwe kali hadi mara mbili ya vile ambavyo ingekuwa.

Miezi michache baada ya maji kushuka nilikaa na mama mmoja ukingoni mwa mto, kwenye nyumba yake ya fito na udongo. Ukutani palikuwa na mstari wa matope, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, ukinifika kifuani. Nikamuuliza swali ambalo wataalamu wote huuliza na ambalo leo naliona aibu: mama, mbona umerudi kukaa hapa hapa? Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu. "Mwanangu, huko juu kuna mawe. Hapa mto umeniletea udongo. Hebu tazama mchicha ule."

Mchicha ulikuwa umestawi kweli. Matope yaliyovunja jikoni lake ndiyo yaliyorutubisha shamba lake, na shamba lile ndilo lililomlisha misimu ile mitano ya kiangazi wakati watu wa juu walikuwa wakila mtsunga, mboga ya mwituni, wa kuokoteza. Tunaposema maskini "wanajipeleka" kwenye hatari, tunasahau kwamba ardhi isiyo na hatari ina mwenyewe, na inauzwa. Anayekaa bondeni amepiga hesabu yake, na mara nyingi hesabu hiyo ni sahihi kuliko yetu. Kilichokosekana ni mtu wa kumpa siku tatu za kuhamisha mbuzi, mbegu na vyeti.

Nimetaja vyeti makusudi. Katika orodha ya hasara zake mama huyu hakuanza na kitanda wala kuku. Alianza na kitambulisho. Bila kitambulisho hakuweza kurudisha laini ya simu, bila laini hakupata fedha alizotumiwa na mwanawe, na alipofika mahali pa kuandikishwa kwa msaada aliulizwa nambari ya kitambulisho. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine kwa nauli ya mkopo. Mafuriko yalikaa nyumbani kwake siku sita. Kadi ilimchukua miezi.

Upande wa bahari mambo yana sura nyingine, ila hesabu ni ile ile. Wavuvi wa pwani yetu walijipangia mwaka kwa pepo: kaskazi ikiwa shwari mtu huenda mbali, kusi ikivuma hujibana ndani ya mwamba na kungoja. Mwenye mtumbwi au ngalawa hana mashini ya kumpeleka kina kirefu, kwa hivyo anategemea samaki wa kwenye matumbawe, na matumbawe hayapendi joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa, hata ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi ambayo imelindwa tangu 1968. Hifadhi huzuia nyavu. Maji ya moto haiyazuii. Ongeza tope jekundu la Sabaki linaloletwa na mvua kubwa, maana milima iliyokatwa miti huko juu nayo inateremka na mto.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kikielekea Tanzania. Serikali ya Kenya ikatoa amri shughuli za ufuoni na uvuvi zisimame kote Pwani. Kimbunga kilipiga upande wa Mafia tarehe 4 na kudhoofika, na kwetu hakikufika kwa nguvu zake zote. Lile lilikuwa onyo zuri, na ningelitoa tena. Lakini siku zile mvuvi hakuvua. Na nyuma ya mvuvi kuna akina mama karanga, wale wanaonunua samaki bandarini asubuhi, wakawakaanga na kuwauza jioni njiani. Mama karanga akikosa samaki leo, kesho hana mtaji, maana mtaji wake ni mauzo ya jana. Atakopa kwenye simu, au kwa tajiri wa bandari atakayemkata bei wiki nzima. Onyo lisilo na kitu mkononi huwafunza watu kutosikiliza onyo lijalo, na sidhani tuna haki ya kuwalaumu.

Joto lenyewe nalitaja kwa ufupi, ingawa lina mengi. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Hapa pwani hewa imeshiba mvuke, jasho halikauki, na mwili hupoa kwa jasho kukauka. Chumba cha mabati mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi hubaki kikihema hadi usiku wa manane, wakati nyumba ya makuti imeshapoa tangu magharibi. Watu huhama makuti kwenda mabati wakihesabu ni maendeleo, na kwa moto na mvua ni kweli, lakini weka japo dari ya mkeka. Wapasua mawe kwenye matimbo na vibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni wajaribu kuanza alfajiri na kupumzika saa sita hadi saa tisa. Najua anayelipwa kwa kipande hawezi kupumzika kwa ushauri wangu, kwa hivyo maneno hayo namwambia mwajiri.

Sasa, la kufanya. Mwenye mifugo, ukisikia tahadhari, uza mmoja au wawili wangali na nyama, ununue mahindi na uyaweke. Inauma kuuza mbuzi mwenye afya, na wazee watakuona una haraka, lakini mbuzi wa tahadhari ni kilo nyingi na wa dharura ni ngozi. Mkulima, usitie mbegu zote kwenye mahindi. Mtama, mihogo, kunde na pojo huvumilia pale mahindi yanapokauka yakiwa na ndevu. Vyeti, vifunge kwenye mfuko wa plastiki na uvitundike juu kwenye boriti, na picha zake umtumie mtoto aliye mbali. Maji ya mvua tuyakamate kama wenzetu wa Lamu na visiwa vyake wanavyofanya kwa jabia, yale mabirika makubwa ya kuvunia mvua, maana baada ya mafuriko visima huchanganyika na vyoo na kipindupindu hakingoji.

Ofisi zetu nazo, yangu ikiwemo, zina lao. Msaada unaofika mbuzi wakishakufa hugharimu zaidi na huokoa kidogo. Fedha kidogo zikitumwa hatua ya tahadhari, kabla ya mtu kuuza kwa bei ya kutupa, humwachia mbuzi wake. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwatumia fedha wasiojiweza, hulipa wazee na wengine wanaostahili shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini zikifika kwa wakati zinazuia mbuzi mmoja kwenda sokoni, na zikichelewa miezi mitatu mbuzi huyo ameshakwenda. Tena hatuhitaji mitambo ya ajabu ili kuwaambia watu wa Garashi kwamba Athi imejaa. Maji huchukua siku kadhaa kushuka, na simu huchukua dakika moja.

Yule mama ameshajipangia. Mwana wa ndugu yake ni utingo wa lori huko Kibwezi, na huupita Mto Athi mara kwa mara. Wamekubaliana kwamba akiuona umejaa na kugeuka mwekundu, atampigia. Nambari yake mama hakuiweka kwenye simu peke yake, kwa sababu mara ya kwanza simu ililowa. Ameiandika kwa mkaa ukutani, shubiri mbili juu ya ule mstari wa matope.